Kisahani Kisichotiwa Dawa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kiherehere aliingia chumba cha sayansi kuwajulia hali viroboto wa maji. Jina hilo la utani alipewa na bibi yake, kwa sababu nyumbani hapakuwa na sufuria iliyofunikwa ambayo hakuifunua. Na viroboto hao si wale wa mbwa. Ni viumbe wa bwawani, wadogo kuliko chenga za mchele, na mwanga hupenya miili yao. Ukiwatazama kwa kioo cha kukuzia, unaona mpaka moyo unavyodunda.

"Watafiti wakipata mmea wanaoudhania kuwa dawa, hawaanzi na mtu," mwalimu wa sayansi aliwaambia wanafunzi wa klabu yake. "Wengi huanza na viumbe wadogo. Wakiona mabadiliko, wanachunguza zaidi. Wasipoona kitu, wanajaribu mmea mwingine."

"Na wakifa?" Kiherehere aliuliza.

"Unajiuliza nini kimewaua. Usikimbilie kujijibu."

Safari hii klabu ilikuwa ikipima chupa ya mjomba wake. Mjomba aliuza magome yaliyochemshwa, kwa kipaza sauti, jirani na shule: yanatibu presha, sukari, mgongo, na mengine yasiyotajwa mbele ya watoto. Mtaa ule ulikwisha kuuziwa pete za kutibu baridi yabisi na mikanda ya kuyeyusha vitambi. Kila muuzaji alipohama aliacha wagonjwa, hakuacha anwani. Lakini watu wakasahau, maana maumivu hayana subira.

Bibi mwenyewe alikuwa na presha. Juzi alivisukuma vidonge vya hospitali nyuma ya kabati. "Nasubiri majibu yako, mjukuu wangu. Chupa ya mwanangu ikishinda, vidonge basi."

Visahani vikapangwa. Vyote vilitiwa matone ya dawa, isipokuwa kimoja cha mwisho, chenye maji na viroboto tu. "Hiki ndicho shahidi wetu wa kulinganishia," mwalimu alisema. Zamu ya kutia maji ilikuwa ya Kiherehere. Maji ya bwawa yalikuwa na majani yaliyooza, naye alifundishwa kupenda usafi. Akayamwaga, akakinga maji meupe ya bomba.

Asubuhi yake viroboto wa kisahani cha kwanza walikuwa wamelala chini, hawatikisiki. Cha pili vilevile, na cha tatu. Hakungoja kufika cha mwisho. Alitoka mbio hadi langoni.

"Mjomba! Wamekufa wote!"

Mjomba hakuuliza swali la pili. Kabla ya mapumziko sauti yake ilikuwa imeruka ukuta wa shule: "Imepimwa! Imepimwa kwa sayansi! Imemshinda kiroboto, presha ni nani?"

Kiherehere aliporudi chumba cha sayansi ndipo alipokitazama kisahani cha shahidi. Nacho kimya. Wamekufa.

Akasugua visahani vyote, akatia viroboto wengine na maji mapya ya bomba. Kesho yake, wamekufa. Akarudia. Wamekufa tena, hata kwa shahidi. Akaubamiza mlango wa kabati hadi chaki zikaanguka. "Mnataka nini nyie? Nimewapa maji safi kuliko ya kwetu nyumbani!"

"Profesa, unagombana na viroboto?" rafiki yake alimcheka. "Kimwage hicho kisahani cha shahidi, yaishe. Nani atajua?"

Kiherehere alikichukua, akakipeleka kwenye sinki. Kule nje kipaza sauti kilikuwa kinaendelea. Mkono ulikuwa tayari umeinama alipokumbuka vidonge nyuma ya kabati. Akakirudisha, akamfuata mwalimu huku machozi ya hasira yakimtoka.

"Mwalimu, nimeharibu. Shahidi naye amekufa, na mjomba nimeshamwambia."

Mwalimu hakumkaripia. Aliinua kisahani hadi puani. "Nusa."

Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba.

"Kwetu ni usalama," mwalimu alisema, "kwa kiroboto ni sumu. Chupa ya mjomba wako imesifiwa kwa kazi ya bomba."

Wakachota maji ya bwawa, wakayachuja kwa kitambaa, wakaanza upya. Safari hii shahidi aliamka anaogelea. Na wale wa visahani vya dawa? Wanacheza kama wako harusini!

Jioni mwalimu na Kiherehere walivipeleka visahani na kioo cha kukuzia nyumbani, wakamkuta Bibi ameketi na mjomba. Bibi aliinamia kioo. "Ala! Moyo huo unadunda!"

"Mtoto wa dada yangu, unanikata riziki," mjomba alinung'unika. Kisha akachangamka. "Basi nitatangaza kwamba haina sumu!"

"Utatangaza kwamba hujui," mwalimu alisema. "Hata wangekufa, tungejua tu kwamba kuna kitu cha kuchunguza. Kiroboto si mama yako."

"Ulitangaza majibu ya kwanza," Bibi alimwambia mwanawe. "Kesho katangaze na haya."

"Kipaza sauti kimekwisha betri, mama."

"Betri zangu za redio zipo. Na zikikwisha, utapaza kwa mdomo."

Mjomba akainamisha kichwa. Kiherehere akapiga magoti mbele ya Bibi. "Nisamehe, Bibi. Nilikimbia na habari nusu. Halafu nikataka kumwaga nusu ya pili."

Mwalimu akakisogeza kile kisahani cha mwisho katikati ya meza. "Tazama, mwanangu. Kisahani hiki hakina dawa, na ndicho kilichotuokoa. Ukimfukuza shahidi, utashinda kila kesi, lakini atakayefungwa ni mgonjwa. Kukosea si aibu. Aibu ni kulificha kosa wakati kuna mtu anayekuamini."

Bibi alinyoosha mkono nyuma ya kabati, akatoa vidonge vyake.

"Kiherehere, niletee maji."

"Ya bwawa au ya bomba, Bibi?"

"Ya bomba, wewe! Mimi ni kiroboto?"