Sauti ya Saa Nne

Kosa la kwanza lilikuwa dogo: Fanuel alifunga mdomo, na sauti yake ikamalizia neno.

Ilikuwa bugi, dansi ya Jumapili alasiri, mwaka wa 1978, katika ukumbi wa hoteli moja karibu na stesheni ya Voi. Watu walidhani ni ufundi, wakapiga makofi. Fanuel peke yake ndiye aliyejua kwamba neno lile hakuliimba yeye, na hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu ingebidi kwanza aeleze sauti yenyewe ilitoka wapi.

Maana Mungu alimpa Fanuel kifua cha mpagazi na sauti ya kifaranga. Wiki sita nyuma, Mbuvi, mpiga gitaa wa bendi yao, alirudi kutoka Mombasa na kijisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, alichokinunua kwa baharia. Kilitengenezwa kwa ajili ya gitaa: ukikikanyaga, noti inashuka na kuwa nzito. Mbuvi akachomeka maiki badala ya gitaa, akakificha nyuma ya spika akikikanyaga yeye mwenyewe, na Fanuel akapata sauti ya kutikisa vioo vya madirisha. Wasichana waliokuwa wakimwita "Sista" wakaanza kumwamkia kwa heshima. Wazee wa kanisa wakamwomba aje aimbe besi kwenye kwaya. Alisema ana mafua. Mafua gani ya wiki sita? Kila Jumapili asubuhi aliona haya kuwatazama usoni, na kila alasiri alirudi kwenye maiki, kwani sifa ni tamu.

Bugi zote alizianza namna moja. "Hodi, Voi!" nao ukumbi mzima humwitikia, "Karibu!" Jumapili iliyofuata, kabla hajafungua mdomo, spika ilisema hodi. Watu mia mbili wakaitikia karibu. Fanuel akageuka kumtazama Mbuvi, na Mbuvi, macho yamemtoka, akamwonyesha mguu wake kwa kidole: ulikuwa mbali na kile kisanduku. Harufu ya udi na ya manyoya ya mbuzi aliyeloa ikapita katikati yao, ingawa Voi haikuwa imeona mvua kwa miezi mitatu. Fanuel aliapa kuacha. Jumapili ya pili yake akaimba tena.

Mchana wa siku za kazi alikuwa karani wa reli, akiishi kwenye nyumba za reli na mkewe Wakesho na mtoto wao Mable, wa miaka minne. Wakesho hakuwahi kukanyaga bugi. Ni mke wa mtu na mama wa kanisa. Jumatano moja Fanuel alirudi saa kumi na moja, akabisha, naye Wakesho akakawia kumfungulia. Alikuwa amevaa leso yake mpya, ile ya Krismasi.

"Baba Mable," alisema kwa sauti ya chini, "mbona jioni unabadilisha sauti?"

Fanuel akamuuliza sauti gani.

"Ile ya saa nne asubuhi. Unabisha hodi, nakwambia karibu, sioni mtu, lakini kiti chako kinalia. Nilidhani unanichezea tu." Akainamisha uso. "Vile unaniongelesha asubuhi, hujawahi kuniongelesha hivyo."

Fanuel akaona mto wa kiti chake umebonyea kana kwamba mtu mzito ameinuka sasa hivi, na vikombe viwili vimeoshwa na kufunikwa, na ile harufu ya mbuzi aliyeloa imekaa kwenye mapazia, na chini ya meza Mable anaimba wimbo wa bugi ambao hakuna aliyemfundisha, kwa sauti nyembamba kama ya baba yake, akinyamaza kila baada ya mstari kama mtoto anayemngoja mwenzake apokee.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akapanda basi mpaka Mraru kwa Mama Mutindi, mganga wa Kikamba. Mama huyo alimsikiliza mpaka mwisho wa habari za kisanduku na ukumbi.

"Jini havunji mlango," alisema. "Huyu alikaribishwa. Simama mbele ya hao watu, sema kwa mdomo wako sauti si yako, nao wamwambie atoke. Wote waliomkaribisha. Akibaki hata mmoja asiyemwambia, hapo ndipo kwake. Hakuna mwingine?"

Fanuel akaikumbuka ile leso ya Krismasi. Mwanamume gani atasema kwamba mkewe anabembelezwa na sauti, ndani ya nyumba yake, kwenye kiti chake?

"Ni hao tu," alisema.

"Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Ni hao tu, mama."

Jumapili akasimama, akakiinua kile kisanduku watu wakione, akaungama kwa sauti yake ya kifaranga. Ukumbi ulicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, na jina la Sista likarudi palepale. Kisha, kwa kelele na mzaha, wote wakasema, "Toka!" Spika ikalia kama beberu anayechinjwa, harufu ikakatika, na kicheko nacho kikakatika. Mbuvi akakivunja kisanduku kwa nyundo bila kumtazama mtu.

Fanuel alitembea kwenda nyumbani uso ukimwaka kwa aibu, lakini moyo ulikuwa mwepesi. Aibu ya leo alijua itaisha. Aliamua atamweleza Wakesho kila kitu jua halijatua, kisha Jumapili ijayo aende kwaya akaimbe kwa sauti aliyopewa.

Mable alikuwa akicheza mlangoni. Alimwangalia baba yake, akaendelea kucheza. Ndani vikombe viligongana, na Wakesho akacheka kicheko kidogo ambacho Fanuel hakuwa amekisikia tangu walipooana.

"Hodi," akasema kwa sauti yake mwenyewe.

Vikombe vikatulia.

"Nani?" akauliza Wakesho, kama mtu aulizavyo mgeni.

Kabla Fanuel hajajibu, kiti chake kikalia, na sauti nzito aliyoifukuza mbele ya watu mia mbili ikamjibu kutoka ndani, kwa upole wa mwenye nyumba:

"Karibu, mgeni."