Iligonga Wapi?

"Hiyo ni jini ya Mombasa!" Ndiyo Jemutai ananiambia, amesimama kwa mlango yangu kama mtu anadai ng'ombe. "Pikipiki ilikuja na gari ya moshi kutoka Mombasa, jini iko ndani. Nyinyi mnasingizia bwana yangu."

Nikamwambia, Jemutai, tangu lini jini ya Mombasa inanuka mursik, maziwa yetu ya kibuyu?

Akageuka, akaenda. Wewe mjukuu wangu, kaa hapa ujue alikimbia nini.

Kipyego, bwana yake, ni shemeji yangu. Mzungu wake wa shamba ya ngano alimpatia pikipiki kuukuu, ya vita ile ya kwanza. Akaringa nayo barabara yote ya Plateau. Siku moja akarudi anaisukuma, mdomo imekauka. "Injini imekufa."

Akaitwa Phineas, fundi Mluhya, mtu wa mzaha sana. Akafungua injini hapa uani, oili ikatoka nyeupe.

"Mama, umekamua pikipiki?" akanicheka. "Maji imeingia, tu." Lakini akanusa vidole, akaacha kucheka. Ilikuwa mursik, ile imelala kwa kibuyu, na vipande nyeusi ndani kama makaa.

"Beringi ya krenki imekwisha," akasema, ile pete ya chuma krenki inazungukia ndani ya injini. Akatia mpya. Akawasha. Ko. Ko. Ko. Akaitoa tena, akaizungusha na kidole, ikazunguka laini, haina kosa. Akarudisha, akaweka kijiti kwa sikio asikilize, ikagonga. Akazima, na injini imezimwa kabisa, imeanza kupoa, ikaendelea kugonga, polepole, kama mgeni mzee anabisha na hajafunguliwa, na Phineas akatoa nati zote, akatoa krenki, akatandaza kila kitu kwa gunia mchana huo jua likiwaka, na ile beringi ikiwa peke yake pale, haishikwi na mtu, haina mahali ya kugonga, tukasikia kutoka kwake, ko, ko.

Phineas akanong'ona, "Kipyego. Iligonga wapi mara ya kwanza?"

"Sikumwona!" Kipyego akalia. "Jua ilikuwa kwa macho! Alitokea tu na kibuyu yake!"

Phineas akamwangalia. "Mimi nauliza beringi."

Ndiyo tukajua. Mama yake Kiprotich, jirani ya kule Plateau, yule alipatikana kwa mtaro amekufa. Alikuwa anapelekea mursik binti yake, huyo alikuwa amejifungua hospitali ya Plateau. Kila mtu alisema mama ameanguka tu.

Phineas akabeba spana zake, akaenda, chai yake bado inatoa moshi. Tukaita mzee anajua mambo ya damu. Akakataa kufukuza hiyo roho. "Huyu mama ana haki yake. Kipyego aende kwa Kiprotich, aseme na mdomo yake mwenyewe."

Kipyego akasema, kesho. Akafukia injini nyuma ya ghala. Kesho yake ikazeeka na yeye.

Sasa amelala, mdomo imepinda, haitoi neno. Na huyo Jemutai anapiga kelele ya Mombasa, ameweka sikio kwa mgongo ya bwana yake. Amesikia. Hata mimi nimesikia. Ko. Ko. Hiyo si moyo, moyo haigongi hivyo.

Mimi miguu imekataa. Wewe unapita Plateau. Kama mdomo ya mwingine itatosha, sijui. Ingia kwa Kiprotich, usikubali kiti, usikubali maziwa. Mwambie tu: mama yako hakuanguka.