Somo la Kinusio

Kinusio, kijiroboti cha gereji, kilipita chini ya boneti kwa miguu yake sita, kikafuata mabomba ya kiyoyozi moja baada ya jingine, kikisimama kwenye kila ungio kuvuta hewa. Hakikuzidi ukubwa wa mende, lakini kiliweza kugundua hata chembe chache za gesi ya kupozea zinazovuja. Zamani fundi alipaka povu la sabuni kwenye maungio, akainama kusubiri mapovu mpaka mgongo ukakataa. Siku hizi kila gereji ya Tanga ilikuwa na vinusio, na mafundi walikuwa wamenenepa.

Kilimaliza nje, kikazunguka ndani ya gari kwa dakika nzima, kisha kikatangaza kwa sauti yake ya kikarani kwamba mfumo hauvuji.

Fundi Hidaya Shemboza hakuridhika. Gari lile alilijaza gesi gramu mia sita siku tisa zilizopita, na haikuwa mara ya kwanza. Alipoinyonya tena na kuipima, alipata mia nne na kumi. Gesi haina miguu, lakini hii ilikuwa imekwenda mahali.

Mwenye gari, Mzee Omari Semkiwa, alisubiri kwenye benchi. Kazi yake ilikuwa uangalizi. Magari yalijiendesha yenyewe, na vioo havikufunguka kwa sababu joto la nje lilifika nyuzi arobaini na nane, lakini sheria ilitaka kila gari la abiria liwe na mtu mmoja aliye macho. Mzee Semkiwa alikuwa amekutwa amelala mara tatu, na picha zilikuwapo. Jumatatu angesimama mbele ya baraza la vibali. Akinyang'anywa kibali akiwa na miaka sitini na moja, hakuna ambaye angempa kingine. Wenzake walishambandika jina la Mzee Godoro, naye alicheka pamoja nao, na kicheko hicho kilimuuma.

Hakuja kwa habari ya usingizi. Alikuja kwa sababu kiyoyozi kilikuwa hakipozi. Ni Hidaya aliyemuuliza, kwa kupitisha muda tu, kama nyumbani nako analala hovyo. Mzee akasema nyumbani usingizi hata haumjii, anahesabu mabati. Ni ndani ya gari tu.

Jibu hilo likamkaa Hidaya kichwani.

Alirudisha gesi kwenye mfumo, akalala chali chini ya gari. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na kipoza, yaani mkunjo wa mabomba membamba ambamo gesi hugeuka baridi na feni huipuliza baridi hiyo kwa abiria. Maji yanayojikusanya juu ya kipoza hutoka kwa kimpira kidogo chini ya sakafu. Hakuna aliyepeleka kinusio pale, kwa kuwa ule ni mpira wa maji tu. Lakini gesi ile ni nzito kuliko hewa, na kizito hushuka. Alikishika kinusio kwa vidole, akakiweka mdomoni mwa mpira.

Kikapiga yowe.

Kipoza kilikuwa kimetoboka, na tundu la kipoza humwaga gesi ndani, walipo watu. Alikirudisha kinusio ndani, mbele kabisa ya matundu ya hewa. Mfumo hauvuji, kikasema. Chini, yowe. Ndani, kimya. Hidaya akafungua kumbukumbu ya kinusio, akakuta somo lililokinyamazisha. Chini ya somo kulikuwa na jina la mwalimu, nalo lilikuwa la Hidaya mwenyewe.

Miaka mitatu nyuma, vinusio vilipoletwa mara ya kwanza, vilikuwa vikipiga kelele bure. Watu wa Tanga hufukiza magari yao udi, na mashine ikachukua mabaki ya moshi kuwa gesi. Dashibodi zikabomolewa bila sababu, wateja wakatukana. Hidaya akakifundisha kinusio chake kwamba ndani ya gari, kikinusa kitu kinachofanana na udi, kinyamaze. Wakuu wake walimpongeza, wakamkabidhi cheti, somo likanakiliwa kwa vinusio vyote vya pwani. Hakuna aliyejaribu gesi na udi kwa pamoja, wala yeye. Na gari hili la mzee lilinukia udi.

Alimweleza mzee kila kitu, bila kujipunguzia.

"Kwa hiyo mimi silali?" Mzee Semkiwa akauliza.

"Unalazwa, baba. Gesi hii ikijikusanya kwenye gari lililofungwa huleta usingizi."

Mzee aliinuka kwenye benchi. "Miezi minane mke wangu ananisemesha kama mtoto. Mwenyewe nilishaamini nimekwisha."

Hidaya alituma taarifa kwenye mtandao wa vinusio, somo lifutwe kila mahali. Jibu lilirudi kabla hajafungua skrubu ya kwanza ya dashibodi. Somo lilikuwa limepitisha magari elfu tatu na mia mbili. Waangalizi arobaini na sita wa magari hayo walifutiwa kibali kwa kusinzia. Wengine wawili walikufa, magari yao yalipokwama njiani katika joto lile nao hawakuamka. Alimsomea mzee habari hiyo kwa sauti, kisha akaandika barua kwa baraza.

Mzee aliisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Hapo ilitajwa kwamba gari lilifukizwa udi na Bi Mwanjaa, mkewe.

"Mwanangu, mtoe mke wangu hapa. Anafukiza kila Ijumaa ili nirudi salama."

"Udi hauna kosa, baba."

"Mimi najua. Yeye hatalala."

Hidaya akafuta mstari, akaandika upya kwamba yeye, Hidaya Shemboza, ndiye aliyekifundisha kinusio kunyamaza, na asilaumiwe mwingine. Akatia sahihi. Mzee Semkiwa aliikunja barua, akaitia mfukoni, lakini hakuondoka. Aliuliza kama wale wengine nao wataandikiwa. Hidaya akasema wote, kuanzia leo.

"Na wale wawili," mzee akasema, "barua zao utampa nani?"

Hidaya akarudi kwenye dashibodi, akaanza na skrubu ya juu.