Tairi Lililong'arishwa

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku alichukua ndoo, sponji na tambara, akaenda uani kuosha pikipiki ya baba yake. Jina hilo alipewa na mjomba wake kwa sababu ya domo. Msichana yule aliongea na mama yake, aliongea na ndoo, na pikipiki nayo akaisimulia mambo ya darasa la sita kana kwamba ina masikio. Baba hakumkataza. "Ongea utakavyo," alimwambia, "ila mkono usilale."

Baba alikuwa bodaboda. Kituoni kwao palikuwa na msemo kwamba pikipiki chafu hubeba vumbi tu. Abiria akifika hutupa jicho, akaenda na ile inayong'aa. Ndiyo maana familia za madereva zilishindana kung'arisha. Walichanganya mafuta ya kupikia na dawa nyeusi ya viatu, wakasugua ubavu wa tairi mpaka ukawa mweusi tititi. Chiriku alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na alitaka kila mtu ajue kwamba yeye ni bingwa.

Lakini tairi la mbele halikuwa tena la kung'arishwa. Lilikuwa kipara. Meno yake yalikuwa yameliwa na barabara, na katikati nyuzi zilianza kuchungulia. Baba aliliahirisha, akaliahirisha tena, mpaka mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya. Hapo akampakia binti yake nyuma, wakaenda kwa Mama Matairi.

Mama Matairi alikuwa na kibanda cha mabati karibu na kituo. Matairi aliyapanga kwenye rafu za miti, makubwa chini, madogo juu, na mikono yake ilikuwa na weusi usiotoka hata kwa sabuni. Binti yake wa mwisho, aliyeitwa Kizibo, alikaa dawati moja na Chiriku. Wasichana hao wawili walikuwa chanda na pete.

"Nataka tairi la kudumu," Baba alisema. "Gumu kabisa. Nisirudi hapa mpaka niisahau sura yako."

"Sura yangu hutaisahau," Mama Matairi akajibu. "Unapita njia gani?"

"Mlima wa sokoni, kila siku."

"Ule wa lami?"

"Huo huo."

Mama Matairi akatoa matairi mawili, akamwita Chiriku. "Hebu bonyeza kwa ukucha, mwanangu. Hili, halafu hili." La kwanza ukucha haukuingia hata kidogo. La pili uliacha alama ndogo, kisha alama ikafutika.

"Umeona? Hilo gumu litakaa muda mrefu, lakini lami ikilowa halishiki. Hili laini kidogo litaisha mapema, lakini linang'ang'ania barabara. Na mifereji hii mirefu inatoa maji chini ya tairi. Nyuma weka gumu, baba, kwa sababu la nyuma ndilo linasukuma mzigo na kuliwa upesi. Mbele usifanye ubahili. La mbele ndilo linakata kona, na ukishika breki ndilo linakusimamisha."

Baba akakuna kichwa. Alilitazama lile gumu kwa hamu, kisha akashusha pumzi. "Haya. Wewe ndiye mwenye kujua. Nikianguka nakuja kulala kwako na blanketi langu."

"Njoo. Ila siku za mwanzo nenda polepole. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani mpaka barabara ilikwangue kidogo."

Kesho yake jioni Chiriku alichuchumaa mbele ya lile tairi jipya akalitazama kwa mapenzi. Ubavu ulikuwa mweusi, lakini meno yalikuwa yameshika vumbi na kuwa ya kijivu. Hilo lilimuudhi. Siku zote alikuwa akipaka ubavuni tu, kwa sababu tairi la zamani halikuwa na meno ya kutazamwa. Safari hii alichovya tambara kwenye mafuta, akapaka meno yote, akaingiza kidole ndani ya mifereji, akalizungusha gurudumu polepole mpaka likameta lote. Alikwenda kulala akiwaza jinsi madereva wengine watakavyomwonea baba yake wivu.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Baba aliondoka akipiga mluzi. Chiriku hakuwa hata amemaliza kufunga viatu vya shule, mjomba akaingia mbio. Alikuwa mdogo wake mama, naye pia bodaboda, na kwa kawaida haingii nyumba bila utani. Siku hiyo uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Dada, shemeji ameanguka. Kona ya kwanza tu. Wamempeleka hospitali."

Mama alitoka vilevile alivyokuwa, kanga moja kiunoni na nyingine mkononi. Mjomba akaisukuma uani pikipiki ya Baba, aliyoikokota kutoka pale konani, akaiegemeza ukutani, naye akamkimbilia mama. Chiriku akabaki peke yake na pikipiki yenye kioo kilichovunjika na mkono wa breki uliopinda. Akaligusa tairi la mbele. Vidole vyake vilitoka na mafuta.

Alielewa papo hapo. Hakuna aliyemwambia, na hakuhitaji kuambiwa. Alitamani kumkimbilia mama amweleze, na miguu ilikuwa tayari kwenda. Lakini woga ulimtangulia. Akachukua ndoo, akatia sabuni nyingi, akasugua tairi kwa sponji, kisha kwa mchanga, kisha kwa sponji tena, mpaka raba ikawa kavu na ya kijivu kama ilivyotoka dukani. Maji yale akayamwaga nyuma ya choo.

Baba alirudi jioni, mkono wa kulia umefungwa plasta nzito nyeupe, shavu limechubuka. Daktari alisema mfupa umevunjika mahali pawili, na huenda mkono usinyooke kama zamani. Mjomba akainama kulikagua tairi. Upepo ulikuwa sawa. Hapakuwa na msumari wala tundu.

"Basi raba yenyewe ndiyo mbovu," akasema.

"Nilimwambia nataka gumu," Baba akasema kwa uchungu. "Nilimwambia. Akaning'ang'aniza laini. Yule mama kaniuzia kifo."

Mama akamtazama binti yake. "Chiriku, mbona uko kimya? Unaumwa?"

"Kichwa tu, mama."

Maneno hayana miguu, lakini hutembea kuliko pikipiki. Kesho yake kituo kizima kilikuwa na habari kwamba Mama Matairi anauza matairi mabovu. Mmoja akaongeza kwamba ni ya magendo. Mwingine akaongeza kwamba anayachonga ya zamani kwa kisu cha moto na kuyauza kama mapya. Wateja wakaanza kupita mbele ya kibanda wakitazama upande wa pili wa barabara. Mama Matairi alikwenda kituoni kujieleza, na madereva wakawasha injini kwa makusudi ili asisikike.

Shuleni Kizibo alihamisha mkoba wake akakaa dawati la nyuma. Chiriku alimfuata wakati wa mapumziko.

"Kizibo, umenikasirikia?"

"Baba yako anamwita mama yangu muuaji, halafu unaniuliza kama nimekasirika?"

"Baba anaumwa. Ana hasira tu."

"Wewe ulikuwepo siku ile. Ulibonyeza lile tairi kwa ukucha wako. Ulisikia mama alivyosema. Wewe ambaye huwa unasema hata kisichoulizwa, hili umeshindwa kulisema?"

Chiriku akafungua mdomo. Kizibo akasubiri, kwa kweli alisubiri, lakini hakuna neno lililotoka. Mwishowe akageuka akaenda zake. Wiki haikuisha, kibanda kikafungwa, na matairi yakapakiwa kwenye mkokoteni yakapelekwa nyumbani. Siku mbili Kizibo hakuonekana darasani.

Nyumba ya Chiriku nayo ilikuwa kama ya matanga. Baba alikaa kitandani akitazama ukuta. Mama aliamka mapema kwenda kufua nguo za watu. Chiriku akilala, usingizi ulimjia na sauti ya breki. Mara nyingi Chiriku alisimama mlangoni kwa baba yake akisema moyoni, sasa naingia, sasa namwambia. Kisha baba alikohoa au akajigeuza, naye akarudi jikoni.

Jumamosi mchana, mbingu zikiwa nyeusi, mjomba alikuja na pikipiki yake na tairi jipya begani. Akatandika gunia uani, akaanza kulegeza nati za gurudumu la mbele.

"Niletee bakuli la kuwekea hizi nati, Chiriku. Tumekubaliana kituoni, kila mwenye tairi la yule mama analivua. Hili nimelitoa duka jingine. Libonyeze uone. Jiwe tupu. Hili nitamwachia mwanangu urithi."

Chiriku akalibonyeza. Ukucha haukuingia. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya raba, na lingine, na akaukumbuka mlima wa sokoni na lami yake ikiwa imelowa. Mjomba angeushuka jioni hiyohiyo.

"Mjomba, usilivue."

"Nini?"

"Hilo lako ni zuri. La baba pia lilikuwa zuri. Baba hakuanguka kwa sababu ya raba." Safari hii hakurudi nyuma. "Ni mafuta. Nilipaka mafuta meno yote. Ni mimi."

Mjomba akaweka spana chini. "Mimi mwenyewe nililikagua. Lilikuwa kavu."

"Nililiosha kabla hamjarudi."

Hawakujua kwamba Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka kutazama mvua. Alimtazama binti yake, kisha akautazama mkono wake wenye plasta, na Chiriku aliona afadhali angempiga.

"Unajua kwamba yule mama amefunga kibanda?" akauliza.

"Najua, baba."

"Na siku zote hizi unanisikia nikimtukana hapa ndani, unanyamaza."

"Nilikuogopa." Akaanza kulia. "Niliogopa utasema mimi ndiye nimekuvunja mkono."

Baba akafumba macho. Kisha akavaa ndala zake kwa shida. "Twende. Wote watatu."

Kituoni madereva walikuwa wamejibanza chini ya kibaraza wakikwepa mvua. Baba alisimama mbele yao na mkono wake mzito. "Nimekuja kula matapishi yangu," akasema. "Nilimsingizia Mama Matairi. Nilikuwa na maumivu, nikatafuta wa kumlaumu kabla ya kuuliza hata nyumbani kwangu. Mengine atawaambia huyu."

Chiriku akasema. Alisema yote, mafuta, sponji, mchanga na maji yaliyomwagwa nyuma ya choo. Mmoja akataka kucheka, akaona hakuna anayecheka, akajikohoza. Wengine walitazama viatu vyao, maana kila mmoja alikuwa ameongeza lake.

Kutoka hapo wakaenda nyumbani kwa Mama Matairi. Matairi yalikuwa yamejaa sebuleni hadi dirishani, na nyumba nzima ilinuka raba. Aliwasikiliza akiwa amesimama. Kizibo alikuwa nyuma yake, hakuinua macho. Baba alipomaliza kuomba radhi, Mama Matairi aliitikia kwa kichwa tu.

"Nimesikia. Nendeni nyumbani, plasta inalowa."

Wakarudi nyumbani, mvua ingali ikinyesha.

Jumatatu kibanda kilifunguliwa. Baba alikwenda akaketi kwenye benchi la mbele, na kila siku akaenda tena, mkono wake ukiwa juu ya goti, ili kila apitaye amwone. Dereva akipunguza mwendo, Baba alimwita. "Njoo, nikueleze nilivyoanguka." Mjomba alikuwa wa kwanza kununua, la nyuma gumu, na la mbele akaliacha lilelile alilotaka kulivua. Baada yake wengine wakaja, mmojammoja, kama watu wanaoingia msikitini au kanisani wakiwa wamechelewa. Wapo ambao hawakurudi kamwe. Plasta ilipotolewa, mkono wa Baba ulikuwa umebaki umepinda kidogo kwenye kiwiko, na pikipiki aliishika kwa kuinamisha bega.

Chiriku alikuwa akifika kibandani kila Jumamosi kusaidia kupanga matairi. Hakuna aliyemlazimisha. Kizibo alianza kumjibu, kwanza kwa neno moja, baadaye kwa mawili. Jumamosi moja, Mama Matairi alipokuwa akivisha tairi kwenye rimu, Chiriku alijipa moyo akauliza.

"Mama, umenisamehe?"

Mama Matairi hakuacha kazi. Alikandamiza ukingo wa tairi kwa chuma mpaka ukaingia mahali pake, ndipo akaketi.

"Sikiliza, mwanangu. Mafuta uliyapaka kwa kumpenda baba yako. Hukujua, na asiyejua hufundishwa, hapigwi mawe. Hilo lilikwisha siku ileile uliyosema. Lakini ulipochukua sponji ulikuwa unajua. Ule uchafu ulioutoa kwenye tairi haukwenda nyuma ya choo. Ulikuja kwenye jina langu. Tairi uliliosha asubuhi moja likatakata. Mimi bado naoshwa."

Alijifuta mikono kwenye tambara. "Kosa likitokea, liseme lingali bichi. Ukilificha, kuna mtu atalibeba, na mara nyingi ni yule asiye na hatia."

Kisha akamwambia amletee tairi jingine, na Chiriku akaenda kulileta.