Harufu Ikifika Chumbani

Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nakaa kwenye kitanda cha mama, mlango wazi, nikisubiri harufu.

Mama yangu ni mwokaji. Anaokea nyumbani, katika oveni kuukuu ambayo namba za kitufe chake zilifutika kabla sijazaliwa. Watu wa mtaa wetu wanampenda zaidi kwa keki yake ya mdalasini. Si keki ngumu kutengeneza. Anayeyusha siagi, anakoroga na sukari ya kahawia na mayai mawili, anatia unga na vijiko viwili vya mdalasini, kisha anamimina vyote kwenye trei. Ikishapoa anaikata vipande virefu, upana wa vidole viwili. Hata mtoto anaweza kuipika. Kinachowashinda wengi ni kujua wakati wa kuitoa. Ikizidi kidogo inakuwa ubao, ikipungua inabaki bichi katikati. Mama alifundishwa asitazame saa. Harufu ya mdalasini ikifika koridoni, geuza trei. Ikifika chumbani, toa.

Msimu wa mvua uliopita mama aliugua homa kali. Alipopona, alisimama jikoni na kipande cha kitunguu mkononi. Akakinusa. Akakinusa tena. Kisha akakiweka kwenye sahani taratibu, kana kwamba hakikuwa chake.

"Sisikii kitu," aliniambia. "Usimwambie mtu. Nani atakula keki ya mwokaji asiyesikia harufu?"

Baba ni dereva wa lori, na siku zile alikuwa kwenye safari ya mbali. Mdogo wangu wa kiume hatukumwambia kabisa. Ana miaka minane na jina lake la nyumbani ni Chiriku, kwa sababu jambo ukimwambia asubuhi, mchana linajulikana mpaka kwa muuza mkaa. Basi siri ikawa ya watu wawili, nami nikawa pua ya mama. Kabla hajachanganya chochote alinisogezea bakuli: maziwa, siagi, unga, mayai yaliyopasuliwa. "Pua yangu, ninusie." Nilinusa, nikasema. Kisha nilikwenda kukaa kitandani na kusubiri, nimwitie harufu ikifika koridoni, na tena ikiingia chumbani.

Jumamosi ile nilikuwa nimeshasema "Korido", nikasikia trei ikigeuzwa, mara mtu akabisha hodi. Hatukuwa tunatarajia mgeni.

Alikuwa fundi seremala wa mtaa wa nyuma. Nguo zake zilikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye kola. Mke wake tulimwita mama mkubwa, ingawa si ndugu yetu wa damu. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kuoka, enzi mama alipokuwa msichana asiyejua kuchemsha hata yai. Sasa mama mkubwa alikuwa mgonjwa wa kifua, miezi mitatu kitandani.

"Shikamoo, fundi," nilisema kutoka chumbani.

"Marahaba, mwanangu." Alimgeukia mama. "Siku ya nne leo hali kitu. Uji anarudisha. Chai anarudisha. Asubuhi hii nimemuuliza, mke wangu, unatamani nini, nikutafutie hata kiwe mbali. Akasema keki ya mdalasini ya mdogo wangu."

Mama alikuwa amesimama na kitambaa cha jikoni mkononi.

"Hizi zilizo motoni ni za watu," alisema. "Nitamwokea trei yake mwenyewe. Pita saa saba."

Wakati huohuo harufu ikaingia chumbani, tamu na ya moto. "Chumbani," nikaita, kama kawaida yangu.

Fundi aligeuza shingo. "Huyo anaita nini?"

"Anasoma kwa sauti," mama alijibu, huku akifungua oveni.

Mimi nilikuwa na jambo langu siku hiyo. Saa sita darasa letu lilikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya darasa la juu, nami nilikuwa mfungaji. Trei ya kwanza ilipotoka nilikuwa tayari nafunga kamba za viatu mlangoni, na Chiriku ameshanitangulia nje, anaimba kwamba tutafungwa.

"Nimefungua mfuko mpya wa unga," mama alisema kutoka jikoni. "Njoo uninusie kwanza, halafu nenda. Kutoa nitatazama saa tu leo."

Kutoka mlangoni hadi jikoni ni hatua tisa. Najua kwa sababu nilizihesabu baadaye. Nilikuwa nimeshafunga kiatu kimoja na nusu.

"Unga unanukia vizuri, mama," nilisema palepale.

"Umenusa?"

"Nimesikia harufu yake mpaka hapa. Mzuri."

"Haya, mwanangu. Nenda salama."

Tulishinda mechi. Nilifunga mabao matano, na mwalimu akaniambia nina jicho zuri. Tulirudi nyumbani saa saba na nusu, mimi na Chiriku, jasho limetukauka mwilini. Mama alikuwa anaosha vyombo. Mezani palikuwa na kisahani cha kingo, zile pembe za keki anazozikata ili vipande vinyooke. Kingo ni zetu siku zote.

Chiriku alitia mbili mdomoni kwa pamoja. Akatafuna, akasimama, macho yakamtoka. Akatema zote mkononi.

"Mama, hii inanuka taa."

"Taa gani, wewe? Mchana huu?"

"Taa ya mafuta. Kama ile niliyoijaza juzi umeme ulipokatika. Nikairudisha kabatini, kwenye rafu ya juu ya mfuko."

Nilichukua kingo moja nikaisogeza puani. Mdalasini ulikuwepo, lakini chini yake palikuwa na mafuta ya taa, makali, yanayochoma koo. Nilifungua kabati. Taa ilikuwa imelala ubavu ndani kabisa ya rafu, na chini yake karatasi ya mfuko wa unga ilikuwa na doa kubwa la unyevu upande wa nyuma.

Mama alinitazama. Hakuweza kuniuliza alichotaka kuniuliza, maana Chiriku alikuwa amesimama katikati yetu. Aliuliza nusu tu.

"Uli...?"

Niliangalia viatu vyangu. "Trei iko wapi, mama?"

"Fundi ameichukua sasa hivi."

Nilikimbia. Katika mechi nzima sikukimbia hivyo. Nilikuwa nafikiria kifua cha mama mkubwa, na siku nne bila chakula, na kwamba kitu cha kwanza kuingia tumboni mwake kingekuwa kile.

Karakana ya fundi iko mbele ya nyumba yake. Lazima upite katikati ya meza zisizo na miguu na viti visivyo na migongo ndipo ufike mlango wa ndani. Pote palinuka gundi na vanishi. Nilimkuta ukumbini, ameweka kipande kimoja kwenye kisahani kilichochorwa maua, anapanguza kijiko kwa shati lake.

"Fundi, usimpe."

"Kwa nini? Ndio kwanza ameamka. Ameomba mwenyewe."

"Mama amesahau kitu," nilisema. "Sukari. Amesahau sukari."

Alicheka kwa huruma. "Mgonjwa hajali sukari, mwanangu. Nitampa kidogo tu, aonje." Akanyanyua kisahani, akaenda nacho kwenye mlango wa chumbani. Hakusikia harufu yoyote mbaya. Pua yake ilikuwa imejaa vanishi kwa miaka thelathini.

Nilishika mkono wa shati lake. Sikuwahi kumshika mtu mzima namna ile.

"Si sukari. Nimekudanganya. Unga ulimwagikiwa na mafuta ya taa. Mama aliniambia niunuse, nikasema nimenusa, na sikunusa. Nilikuwa nawahi mpira."

Fundi alisimama. Nilisubiri anigombeze. Alikwenda kukaa kwenye kiti kilicho karibu, akaweka kisahani sakafuni, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Nilikuwa nakaribia kumlisha kwa mkono wangu," alisema polepole.

Kutoka chumbani ilikuja sauti nyembamba, iliyokatwakatwa na pumzi. "Mlete huyo mtoto."

Mama mkubwa alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu. Alikuwa amepungua sana. Macho yake tu ndiyo yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nimesikia yote." Akapumzika. "Nieleze kitu kimoja. Mama yako nimemfundisha mimi. Hawezi kutia unga kwenye bakuli bila kuunusa. Kwa nini leo alikuambia wewe uunuse?"

Kosa langu nilikuwa nimeshalisema, lilikuwa langu. Hili lingine halikuwa langu. Machozi yalinitoka, nikayaacha yateremke, maana mikono yangu ilikuwa nyuma na sikujua kuitoa.

"Ni siri ya mama," nilisema.

"Basi mwache aje aiseme mwenyewe."

"Nimekuja," alisema mtu nyuma yangu.

Mama alikuwa mlangoni, aproni kiunoni, povu la sabuni kwenye viwiko. Alikuwa hajaingia chumba kile tangu mama mkubwa alipolazwa kitandani. Kila juma alituma salamu, alituma matunda, alinituma mimi. Yeye mwenyewe hakuja, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Dada," alisema, "mimi sisikii harufu. Tangu homa ile. Sisikii mdalasini, sisikii moshi. Mtoto nimemgeuza pua yangu, nikamkataza kusema."

Mama mkubwa alimtazama. "Ndiyo maana hukuja."

"Ungejua mara moja. Ungeniambia onja hiki, nusa kile, ungejua."

"Ningejua," mama mkubwa alikubali. "Halafu ningekufanya nini? Ningekula?"

Fundi alicheka kwa kushtukiza, kisha akaona aibu, akaenda kumwaga keki yote kwenye shimo la takataka.

Tulirudi nyumbani pamoja hadi langoni kwetu. Hapo mama alisimama.

"Nimekukasirikia," alisema. "Ungeniambia hujanusa, ningesubiri, au ningemwita Chiriku. Hata ungesema sitaki, nataka mpira, ningekuelewa. Neno 'sijanusa' halina uzito wowote mdomoni, mwanangu. Lakini ulipolimeza, mzigo wake ungemwangukia mgonjwa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na wewe unisamehe. Nilikufundisha kuficha, halafu nikashangaa ulipoficha."

Jioni hiyo mama alimwita Chiriku, akamwambia mambo mawili: kwamba taa yenye mafuta haikai karibu na chakula, na kwamba yeye mama hasikii harufu. Chiriku alifikiri.

"Naruhusiwa kumwambia muuza mkaa?"

"Mwambie," mama alisema. "Mwambie na mwenye duka."

Jumapili asubuhi tulibeba unga mpya, mayai, siagi na kopo la mdalasini hadi nyumbani kwa fundi. Mama alisema keki hii itaokwa jikoni kwa mama mkubwa. Nilinusa kila kitu, kimoja kimoja, bila haraka. Yai moja nililitilia shaka. "Sina uhakika," nilisema, na mama akalitupa bila kuuliza. Nilikoroga mwenyewe hadi mkono ukaniuma. Fundi alikuwa amefunga makopo yote ya vanishi na kufungua madirisha.

Trei ilipoingia motoni nilitaka kwenda kusubiri chumbani, kama nilivyozoea. Mama alinizuia.

"Chumbani kuna mtu," alisema.

Tulikaa jikoni. Nilichungulia koridoni, nikaisikia harufu mwenyewe, nikageuza trei. Halafu tukasubiri tena. Fundi alisimama akitazama ukuta. Niliogopa kwamba mama mkubwa amelala, au kwamba kifua chake hakiwezi tena kuvuta kitu chochote.

"Imefika," ilisema sauti nyembamba kutoka chumbani.

Mama alifungua oveni. Keki ilikuwa ya rangi ya asali, imeachana na kingo za trei kidogo tu, kama inavyotakiwa.

Tulimkatia kipande kidogo. Alikula nusu yake, polepole, na hakikurudi. Fundi alitoka nje, tukamsikia akipiga randa ubao ambao sidhani ulihitaji kupigwa randa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, kisahani mapajani. Alitaka kunyanyuka akakioshe, lakini mama mkubwa alimshika kidole.

"Kaa," alisema. "Jana nilipomwambia mume wangu nataka keki yako, keki sikuitaka. Nilikuwa nakutaka wewe."