Zamu ya Hadjara Kwenye Plage

Soko la Butembo lilikuwa limefurika asubuhi ile, watu wakisukumana kwa mabega, ndipo rundo la vitenge vya Hadjara likaanguka matopeni. Mwanaume mmoja alikuwa amepita na bidon, yaani madumu matupu ya manjano yaliyofungwa kamba, yamemjaa mgongoni, na mojawapo likanasa kwenye meza ya Hadjara.

"Papa, macho yako iko wapi?" Hadjara akapaza sauti. "Umeangusha duka yangu yote!"

"Pardon, mama. Hii mabidon haiko na frein, haijue kusimama."

Hadjara alitaka kununa, akashindwa, akacheka. Kijana alikuwa mrefu, shati lake jeupe limekunjwa mikono hadi viwikoni. Akainama, akapangusa kila kitenge na kukikunja vizuri, pembe kwa pembe. Jina lake Issaka. Kazi yake kupeleka mizigo Beni kwa lori la familia.

"Na hii yote, unaenda kuuza mafuta?"

"Hapana. Ni ya kuokolea batu ku plage."

"Plage! Bahari ilifika Butembo lini?"

Issaka akamweleza. Nje ya mji kulikuwa na bwawa kubwa, mwenye bwawa amemwaga mchanga kando yake, na kila dimanche, yaani Jumapili, familia zilikwenda kupumzika. Mwaka uliopita msichana alizama pale, watu wakibaki kupiga kelele tu. Ndipo vijana wakaunda club ya waokoaji. Hawalipwi chochote. Wanalinda maji, na bidon iliyofungwa vizuri hubeba mtu mzima.

"Kuya dimanche, utakuwa membre ya club."

"Mimi sijue kuogelea hata mu bassine."

"Nani alizaliwa anajua? Mimi nilianzaka na kunywa maji."

Dimanche Hadjara akaenda. Kyakimwa, muuguzi mcheshi aliyefundisha wanawake kuogelea, alimwingiza majini akiwa amevaa suruali na shati la mikono mirefu, kitambaa kimekazwa kichwani. Issaka alibaki ukingoni akimtania.

"Hadjara, usipigane na maji! Haikukukosea!"

Na kila jioni simu ililia.

"Umekula, chérie?"

"Nani ni mupenzi yako?"

"Mimi sikusema. Ni réseau ya simu iliongeza."

Siku Hadjara alipovuka bwawa kwa kuogelea hadi ng'ambo, club ikamvika jile, fulana ya waokoaji ya rangi ya machungwa, membre kamili. Issaka alimtazama mpaka akasahau filimbi mdomoni.

Baadaye Hadjara akaenda Beni kumwona mama yake. Mama akauliza habari za huyo kijana anayemfanya atabasamu peke yake jikoni. Hadjara akaona ni wakati, akampigia Issaka simu ili aje kusalimia. Ikapokelewa na mwanamke anayehema.

"Allô? Issaka hawezi kuongea sasa. Amelala chini, na mimi niko juu yake, niko nafinya..."

Réseau ikakatika. Sauti aliijua: Kyakimwa! Hadjara hakupiga tena. Tangu hapo kila Issaka alipopiga, alikata. Kijana akafika hadi Beni na lori lake. Hadjara akajificha chumbani, mama akalazimika kusema binti ameenda safari Kamango.

Aliporudi Butembo, dimanche akaenda kurudisha jile. Alivaa gauni refu la buluu lenye nyuzi za dhahabu, ili Issaka aone vizuri alichopoteza.

Plage ilikuwa imejaa watu wa arusi. Mpiga picha alikuwa akirudi nyuma, akirudi nyuma, ili wageni wote waenee kwenye picha, mara akatumbukia upande wa kina. Hakuibuka.

Issaka akaruka. Hadjara akasahau gauni na hasira, akaingia maji ya kiuno, akarusha bidon yenye kamba. Issaka akaikamata kwa mkono mmoja, mpiga picha kwa mwingine, wageni wakavuta. Walipomlaza mchangani, yule mtu hakuwa anapumua.

"Hadjara!" Kyakimwa alikuja mbio kutoka ng'ambo, akipiga kelele. "Issaka amupulizie hewa, wewe ufinye kifua! Nguvu! Sawa vile nilimufinya Issaka mu leçon ya kuokoa batu, ile siku ulipiga simu!"

Issaka akapuliza. Akamwonyesha pa kuweka mikono. Hadjara akafinya, jasho na maji vikimtiririka, Issaka akipuliza, yeye akifinya, mpaka mpiga picha akatapika maji, akakohoa, akafumbua macho.

"Appareil yangu ya picha iko wapi?"

Plage nzima ikalipuka kwa vigelegele.

Hadjara akaketi mchangani, gauni limelowa chapachapa.

"Ilikuwa leçon?"

"Leçon. Mimi ndiye nilijifanya maiti. Club yote ilikuwa pale, inaangalia."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Ningeambia nani? Simu unakata, ku Beni uko Kamango."

Hadjara akacheka hadi machozi. "Unisamehe. Wivu ilinishika."

"Wivu? Donc, kumbe unanipenda."

"Ndiyo. Nakupenda, Issaka."

Kijana akauacha utani wake. "Basi nitume bazee ya kwetu bakuombe kwa mama yako ku Beni juma hii. Nataka ukuwe bibi yangu."

Hadjara akainuka. Aliazima simu ya Kyakimwa, akapiga.

"Mama? Upike muchele mingi."

"Ya batu ngapi?"

"Sijue. Bako wengi, bazee tupu, na batavaa makanzu."

Mama akapiga kigelegele kikali, hata Issaka akakisikia alipokuwa ameketi.