Nilimvunja Mkandarasi Mkono Katikati ya Kikao cha Mtandaoni

Paa! Nyundo ilitua kwenye mkono wa mkandarasi, nikausikia mfupa ukivunjika.

"Fundi, utaniua!"

"Ndicho nilichokuja kufanya!"

Msinihukumu kwanza, ngoja niwaeleze...

Wiki moja kabla, zege la ghorofa lilimshukia mdogo wangu. Miguu yote miwili ikasagika! Alikuwa anang'oa mirunda inayolishikilia, na amri ilitoka kwa mkandarasi. Voisi aliyonitumia kwenye simu ninayo. Halafu huyo mkandarasi akatokomea!

Mwenye jengo akataka tusuluhishwe kwa mtandao. Mimi, mkandarasi na msuluhishi, mama mmoja mpole wa miwani, kila mtu kwenye simu yake.

Nilikubali chap. Usuluhishi wa nini, jamani? Nilitaka kujua kajificha wapi!

Alipowasha kamera, nyuma yake nikaona kigae chenye ua lililopinduka. Nilikibandika mwenyewe, jikoni kwa dada yake, mtaa wa pili!

"Fundi, mbona unatembea?" msuluhishi akauliza.

"Natafuta mtandao, mama."

Nikatia simu mfukoni, nikabeba nyundo. Mlango niliupiga teke moja tu...

Sasa yuko sakafuni, damu puani, mkono unaning'inia. Nikamkalia kifuani, nikainua nyundo juu ya kichwa chake.

Mfukoni mama anapiga kelele: "Fundi! Ile voisi uliyonitumia, uliisikiliza yote?"

"Ya nini? Kaamuru mwenyewe!"

Akaicheza.

"Fundi, ng'oa mirunda yote leo..."

"Umejisikia?!" nikamfokea.

"...ndivyo mwenye jengo anavyonilazimisha. Nimemkatalia. Zege bado bichi, litaua mtu. Usiguse!"

Mungu wangu!

Siku voisi ilipoingia, mashine ya zege ilikuwa inanguruma. Nilisikia yale maneno ya mwanzo, nikakata.

"Sasa ulikimbia nini?" nikamuuliza.

"Si ulinitumia meseji utanichinja? Ningekaa?"

Polisi walinikuta nimemfunga mkono kwa shati langu, nalia.

Baada ya wiki kadhaa, mdogo wangu alikuja mahabusu kwa kiti cha magurudumu. Nikamwambia kila kitu.

"Kaka, uliponiambia ning'oe mirunda, nilikuuliza mara mbili kama una uhakika. Ukaniita mwoga."

Akageuza kiti, akaondoka. Hajarudi mpaka leo.

Ndugu zangu, ukiitwa kwenye usuluhishi, kaa usikilize. Ningevumilia dakika tano tu, yule mama angeicheza ile voisi nikiwa nimekaa nyumbani kwangu.